Bei ya kahawa imepanda, lakini waliouza ikiwa maua hawakuiona: naomba ushauri kuhusu kibanja cha wazazi wangu Karagwe

Binti wa Karagwe (Nkuhungu, Dodoma) ameuliza:

Wanajukwaa, habari za kazi, na wakubwa zangu wote shikamooni.

Ninaishi na kufanya kazi hapa Dodoma, lakini wazazi wangu wako Karagwe, mkoani Kagera, na tangu nizaliwe nyumba yetu imetegemea kibanja kimoja cha migomba na kahawa ya robusta. Nimeona nilete suala hili hapa kwa sababu jiji hili limekusanya watu wa mikoa yote, na naamini humu mna waliofanya kazi katika ushirika na wengine wanaolima mazao ya biashara katika vijiji vya hapa karibu.

Tangu mwaka 2024 tumekuwa tukisikia kwamba kahawa ina bei. Ni kweli kabisa: robusta kwenye soko la London ilipita dola 5,000 kwa tani, na Februari 2025 arabika kwenye soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili (karibu nusu kilo), kiwango ambacho hakikufikiwa hata katika ile neema ya mwaka 1977. Nilipokwenda nyumbani wakati wa mavuno nilitarajia kuona kijiji kizima kikifurahi. Nilikuta baadhi ya majirani wanaezeka upya nyumba zao na kulipa madeni ya miaka, na nilishukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini mama yangu mdogo, ambaye kibanja chake kinapakana na chetu, alikuwa ameanika kahawa nyingi na nzuri juu ya maturubai, ameikausha mpaka ukiitikisa mkononi unasikia punje zikilia ndani ya maganda, na kahawa yote hiyo haikuwa yake. Alikwishaiuza kwa butura, yaani kwa kupokea fedha kabla ya mavuno, tangu Desemba, ingali maua. Nilionyeshwa ukurasa wa daftari la mnunuzi: jina lake, idadi ya magunia anayodaiwa, fedha aliyopokea, na alama ya dole gumba. Bei ya kilo haikuandikwa popote.

Alichukua fedha hizo kwa sababu mwanawe alikuwa anaingia Kidato cha Kwanza mwezi Januari. Najua ada katika sekondari za serikali ilifutwa, lakini godoro, sanduku, sare, madaftari na nauli havikufutwa, na Januari mkulima wa kahawa hana kitu mkononi.

Ninaomba mnisaidie kuelewa mambo ambayo yananisumbua. Kwanza ningependa kujua namna ya kukadiria ni kiasi gani cha hiyo bei ya London kinapaswa kumfikia mkulima kijijini, ili tuache kubishana kwa hisia. Kisha kuna suala la baba, ambaye baada ya kuona bei ya msimu uliopita anataka kukopa, akate sehemu ya migomba, apande kahawa tupu. Moyo wangu unasita, lakini sina hoja za kumpa. Na zaidi ya hayo yote nataka kujua kama kuna njia ya kweli ya kumtoa mtu kama mama mdogo katika butura, maana kwake yeye bei kupanda au kushuka ni habari za watu wengine.

---

Mstaafu wa Makole amejibu:

Marahaba, binti yangu. Nilikuwa mhasibu katika chama kikuu cha ushirika kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na swali lako la kwanza ndilo ambalo ningetamani kila mwanachama awe analiuliza kwenye mkutano mkuu. Hesabu yake si ngumu, nawe unaweza kuifanya kwa simu.

Chukua dola 5,000 kwa tani. Hiyo ni dola 5 kwa kilo ya kahawa safi, yaani iliyokwisha kukobolewa. Mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,600, kwa hiyo kilo moja ya kahawa safi huko London ni kama shilingi 13,000. Lakini wazazi wako hawauzi kahawa safi, wanauza kahawa ya maganda, na robusta ya maganda ikikobolewa hubaki karibu nusu ya uzito wake. Kwa hiyo ile 13,000 imegawanyika katika kilo mbili za maganda, na kila kilo inasimamia takriban shilingi 6,500 kabla hujatoa gharama yoyote. Kutoka hapo toa ukoboaji, magunia, usafiri wa kutoka mpakani mwa nchi hadi bandarini, ushuru wa mazao wa halmashauri ambao kwa mazao ya biashara ni asilimia 3, makato ya chama cha msingi na chama kikuu, riba ya fedha za ununuzi, na faida ya msafirishaji. Pia bei ya London ni ya daraja la kawaida kwa mkataba wa siku zijazo, na kahawa yenye taka au unyevu hupunguzwa bei. Ukifanya hesabu hii ukakuta mnada umetoa bei ya kilo iliyo karibu na hapo baada ya gharama za kueleweka, huna sababu ya kulalamika. Ukikuta mkulima amepata robo, basi kuna mtu anapaswa kusimama mbele ya wanachama ajieleze.

Sasa kuna jambo moja ambalo wengi hawalioni, na ndilo linaloumiza familia bei inapoanguka. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba gharama zote hizo ni shilingi 1,200 kwa kila kilo ya maganda. Bei ikiwa 6,500, mkulima anabaki na 5,300. Bei ya dunia ikishuka kwa nusu, ikawa 3,250, gharama hazishuki kwa nusu pamoja nayo, kwa sababu lori linataka dizeli ile ile na gunia linanunuliwa kwa bei ile ile. Mkulima anabaki na 2,050. Soko limepungua kwa asilimia 50, lakini yeye amepoteza zaidi ya asilimia 60 ya kipato chake. Ndiyo maana bei ikiyumba kidogo huko mbali, kijijini inakuwa tofauti kati ya bati na kutokuwa na sabuni.

Tumeyaona haya kabla. Mpaka mwaka 1989 kulikuwa na mkataba wa kimataifa uliogawa viwango vya mauzo kwa nchi zinazozalisha, na viwango hivyo vilishikilia bei isianguke mno. Julai mwaka huo viwango vikasimamishwa, kila nchi ikauza itakavyo, na bei ikaporomoka. Hapa kwetu, msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua moja kwa moja kwa wakulima, na vyama vikuu vingi ambavyo vilikuwa vimelemewa na madeni havikuweza kushindana nao. Halafu Vietnam ikapanda robusta kwa wingi hadi ikawa ya pili duniani baada ya Brazil, na kufikia 2001 na 2002 arabika ilikuwa chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Kilimanjaro watu waling'oa mibuni iliyopandwa na babu zao wakaweka nyanya na mahindi, na wengine wakategemea maziwa ya ng'ombe wa ndani.

Nikija kwa mama yako mdogo, mimi butura siiti biashara, naiita mkopo wenye riba isiyotajwa. Mtu akikupa shilingi 1,500 kwa kilo mwezi Desemba, na Julai kilo hiyo ikawa na thamani ya 4,500, umelipa 3,000 kwa kukopeshwa 1,500 kwa miezi saba. Hiyo ni riba ya asilimia 200. Hakuna SACCOS (chama cha akiba na mikopo) yoyote ninayoijua ambayo ingethubutu kumwandikia mwanachama wake riba kama hiyo. Na tazama jinsi mambo yalivyogeuka: bei ya dunia ilipokuwa ndogo hasara ya butura ilikuwa ndogo, na kadiri bei inavyopanda ndivyo anayekopa kwa butura anavyonyonywa zaidi, kwa sababu kiasi alichopewa kilikwishafungwa tangu maua.

---

Mkulima wa Zabibu, Mpunguzi amejibu:

Dada, pole kwa ya mama mdogo. Mimi sijawahi kulima kahawa, lakini nalima zabibu hapa Mpunguzi, na nimesoma maelezo ya mzee nikaona kama ananisimulia habari zangu, isipokuwa kwa jambo moja ambalo ningependa mlitilie maanani kwa sababu ni utajiri mlio nao ninyi wenye kahawa.

Zabibu ikishaiva haingoji. Mchuzi wa mvinyo unatakiwa kukamuliwa zabibu ikiwa imetoka kukatwa, na tunda likikaa siku chache juani baada ya kukatwa linaanza kuharibika. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kila mara mavuno ya watu wote yanaingia kwa pamoja. Mwenye kiwanda akisema matangi yamejaa, au akisema bei ni hii na si ile, wewe huna la kumjibu, maana matunda yako yako kwenye kreti na jua linapiga. Msimu mmoja mnunuzi ambaye sitamtaja alituacha tumekwisha kuvuna, na baadhi yetu tukauza barabarani kwa bei ya kutupa kwa wapita njia wa Iringa.

Kahawa iliyokaushwa vizuri na kuwekwa mahali pakavu inaweza kungoja kwa miezi. Kwa hiyo mkulima wa kahawa ana nguvu ya kusema "leo siuzi" ambayo mimi sina. Kinachomnyang'anya nguvu hiyo ni kukosa fedha ndogo ya Januari, na wala si zao lenyewe. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kazi ya kufanya, kabla ya kuzungumzia kupanua shamba.

Ningeongeza habari ya jirani zetu wa Singida na wa wilaya zetu za hapa Dodoma wanaolima alizeti. Mwaka 2022 alizeti ilikuwa na bei nzuri, watu wakaongeza ekari, wengine kwa mikopo. Mwaka 2023 bei ikaanguka, wakulima wakalalamika waziwazi kwamba mafuta ya kula ya kutoka nje yameachwa yaingie kwa unafuu, na aliyekuwa amekopa kwa matumaini ya bei ya mwaka uliotangulia alibaki na magunia ndani na deni nje. Mwambie baba yako habari hiyo kwa heshima. Bei aliyoiona ni ya kahawa iliyopandwa zamani.

---

Kijana wa Mbozi, UDOM amejibu:

Shikamoo mzee wa Makole, na heshima kwako dada. Nakubaliana na hesabu za mzee, lakini kuna mahali ninatofautiana naye, nami nasema kwa nia njema.

Mzee ameeleza butura kana kwamba kosa lote ni la mnunuzi. Kwetu Mbozi, ambako tunalima arabika, nimeona watu wenye akili timamu wakikwepa chama cha msingi wakauza kwa mtu wa pikipiki kwa bei ndogo, na sababu yao ilikuwa kwamba wa pikipiki analipa leo. Msimu wa 2018/19 serikali ilipoagiza kahawa yote ipite kwenye vyama vya ushirika, lengo lilikuwa zuri, na kwa kweli kupiga marufuku ununuzi wa kahawa ikiwa shambani lilikuwa jambo la haki. Lakini chama chetu, ambacho sitakitaja, kilikusanya kahawa kwa malipo ya awali madogo, kisha malipo ya pili yakachelewa mpaka msimu wa kilimo ukaanza, na mama yangu akanunua mbolea kwa mkopo wa dukani huku fedha yake ikiwa kwenye akaunti ya watu wengine. Kagera nako, wakati huo na hata kabla ya hapo, kahawa imekuwa ikivushwa kwa magendo kwenda Uganda kwa sababu hiyo hiyo ya fedha taslimu. Ukimkataza mkulima butura bila kumlipa kwa wakati, umemfungia mlango mmoja bila kumfungulia mwingine. Kwa bahati nzuri minada imesogezwa Kagera kwenyewe na bei inatangazwa watu wakisikia, na hilo limesaidia sana kupunguza maneno.

Jambo la pili ni ubora, ambao kwa robusta na arabika unafanya kazi kwa namna tofauti kidogo. Sisi wa arabika tunahitaji kilo tano mpaka sita za kahawa mbivu kupata kilo moja ya kahawa safi, na mkulima akimenya nyumbani kwa mashine ya mkono, akachanganya mbichi na mbivu, au akachelewa kuiosha, anapoteza daraja lote. Vikundi vilivyonunua mtambo wa pamoja wa kumenyea vinapata bei bora kwa sababu kahawa yao inafanana, gunia kwa gunia. Wenye vyeti vya biashara ya haki (Fairtrade) wana sakafu: tangu Agosti 2023 arabika iliyooshwa haitakiwi kununuliwa chini ya dola 1.80 kwa ratili, na juu yake kuna senti 20 za maendeleo ya kikundi. Bei ya soko ikiwa juu kama ya mwanzoni mwa 2025 sakafu hiyo haionekani kuwa na maana, lakini siku soko litakapoanguka ndiyo itakayoonekana.

Kuna pia sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, inayotaka kahawa inayoingia kwao isitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wameshaanza kuuliza mahali lilipo kila shamba. Kwa shamba dogo lisilozidi hekta nne inatosha alama moja ya ramani. Dada, kibanja cha wazazi wako ni cha zamani, hakina tatizo, ila hakikisha chama chao kimekiandikisha, kwa sababu ambaye shamba lake halimo kwenye orodha anaweza kuachwa nje ya soko lenye bei nzuri bila kosa lolote la kilimo.

---

Binti wa Karagwe amejibu:

Nawashukuru sana nyote. Nimefanya hesabu ya mzee kwa bei ya mnada ambayo baba alinitajia na nimeona kwamba yeye, kwa kupitia chama, alipata sehemu inayoeleweka. Kwa hiyo tofauti kati yake na mama mdogo haikutokana na mizani wala daraja. Baba alikuwa na mimi wa kumtumia fedha Januari, mama mdogo hakuwa na mtu.

Kijana wa Mbozi, umesema kweli kuhusu malipo kuchelewa, na sitaki kumlaumu mama mdogo. Mzee, ninaomba unisaidie zaidi. Nimezungumza na wadogo zangu na majirani watatu kwa simu, na wako tayari kuliongea suala la mfuko wa mikopo midogo ndani ya chama chao cha msingi, unaotoa fedha kati ya Novemba na Februari na kurejeshwa kahawa ikiuzwa. Je, jambo hilo linaruhusiwa, na linaanzia wapi? Na kuhusu migomba, nimwambie nini baba?

---

Mstaafu wa Makole amejibu:

Kijana wa Mbozi amenisahihisha vizuri na sina ubishi naye. Nimeshuhudia kwa macho yangu chama kikikaa na fedha za watu huku viongozi wakisubiri kikao.

Binti yangu, kuhusu kuruhusiwa kwa mfuko muulizeni kwanza afisa ushirika, ila wakati wa kuuanzisha ni pale bei inapokuwa nzuri, kwa sababu makato madogo kwa kilo hayaumi mtu anayepata fedha nyingi, ila yatakataliwa na kila mtu bei ikiwa chini. Unaanzia kwenye mkutano mkuu wa wanachama, ule unaopitisha makisio ya mapato na matumizi. Wanachama waamue wenyewe kiasi cha kukatwa kwa kilo na kiandikwe kwenye muhtasari, pamoja na kiwango cha juu cha mkopo kwa mtu mmoja na riba yake kwa tarakimu. Mkopo uandikwe kwa shilingi. Ukiandikwa kwa magunia mmerudi kwenye butura kwa jina la ushirika, na hili ningeomba mlisimamie kuliko mengine yote. Akikopa 150,000 alipe 150,000 na riba yake, na kahawa inayobaki auze kwa bei ya siku hiyo. Kama wanaona ni vyema zaidi, waunde SACCOS ya pembeni yenye vitabu vyake, ili fedha za mikopo zisichanganywe na fedha za ununuzi wa kahawa.

Chama kikitaka kukopa benki ili kukuza mfuko huo, lazima kwanza kiwe na ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis wa vyama vya ushirika. Afisa ushirika wa wilaya ndiye wa kuwaelekeza, na kwa kuwa wewe uko Dodoma, ofisi za makao makuu ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika ziko hapa hapa, unaweza kwenda kuuliza mwenyewe. Benki ya Ushirika nayo ilizinduliwa hapa Dodoma mwezi Aprili 2025. Sisemi mkimbilie huko, nasema waulize masharti yao kabla ya Novemba, maana ombi la mkopo linaloandikwa Desemba hujibiwa Machi, na Machi mnunuzi wa butura ameshapita.

Kuhusu baba yako, asikate migomba. Mbuni mpya huchukua miaka mitatu hivi kuanza kuzaa vizuri, na kila mtu aliyeona bei ya 2024 kuanzia Brazil hadi Uganda anaweza kuwa anapanda sasa hivi, hivyo mche wake utazaa wakati mmoja na miche ya wote hao. Baridi kali ya Brazil ya mwaka 1975 ndiyo iliyoleta ile neema ya 1977, na neema hiyo haikudumu. Migomba inampa chakula, kivuli na matandazo ya kahawa yenyewe. Kama ana nguvu na fedha kidogo, akate mashina ya mibuni iliyozeeka, machache kila mwaka, yachipue upya, na mahali palipokufa mti kwa mnyauko azibe kwa miche yenye ukinzani. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Maruku kiko mkoani humo humo. Kazi hiyo haihitaji mkopo mkubwa, na mavuno yataongezeka kutoka eneo lile lile.

Ukipata tarehe ya mkutano mkuu wa chama chao, niandikie hapa. Nitakuandalia mfano wa jedwali la makisio lenye mstari wa mfuko huo, wanachama waujadili wakiwa na tarakimu mbele yao.